Maswali Yenu: Kupanga Kazi Ijayo ya Kisanduku cha Amri za Unix

Barua za safari hii karibu zote zimeelekea upande mmoja: visanduku vidogo vya amri za Unix, yaani programu moja inayobeba amri nyingi, vya aina ya BusyBox na Toybox. Baadhi yenu mmeanzisha cha kwenu, wengine mmerithi cha mtu, na mnauliza kazi ya miaka ijayo ipangwe vipi. Nimechagua maswali tisa.

Kwa nini kurundika amri mamia ndani ya faili moja? Si Unix inataka kila zana isimame peke yake?

Kwa mtumiaji bado zinasimama peke yake. Majina ls, cp na grep ni viungo tu vinavyoelekea kwenye faili ileile. Programu ikiwaka hutazama imeitwa kwa jina gani, kisha huenda kwenye kipande kinachohusika. Programu inayojitegemea hubeba mzigo wake wa kuanzia: kusoma machaguo (kama -l katika ls -l), kuchapa makosa, na isipotumia maktaba za pamoja, hata nakala yake ya maktaba ya C. Zikikaa pamoja mzigo huo hubebwa mara moja.

Bruce Perens alianza BusyBox mwaka 1995 kwa sababu hiyo. Alitaka diski moja ya flopi, megabaiti 1.44, itoshe mfumo kamili wa kuokolea kompyuta na wa kusakinishia Debian, mfumo mmoja wa Linux. Flopi zimekwenda, lakini OpenWrt kwenye ruta na Alpine Linux kwenye kontena bado zinategemea BusyBox, na Android imebeba Toybox tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015.

Naanza na flopi kwa makusudi. Ile diski ndiyo iliyokuwa mpango wa kazi: kisichoenea hakiingii. Miradi yenu mingi haina flopi, na maswali mengi yaliyobaki hapa chini yanatokana na pengo hilo. Inabidi mjiwekee kikomo wenyewe, kwa namba, na mkiandike mahali ambapo kila mchangiaji atakiona.

Tumemaliza amri 40 na orodha yetu ina nyingine zaidi ya 200. Tufuate utaratibu gani?

Wekeni orodha kando kwanza. Chagueni kazi moja kamili ambayo mashine lazima iimalize ikiwa na kisanduku chenu tu: kuwaka, kupachika diski, kupata anwani ya mtandao, kufungua sheli. Amri zinazohitajika kwa kazi hiyo ndizo za mwaka huu. Nyingine zote zisubiri, hata zile rahisi ambazo mtu angezimaliza jioni moja.

Rob Landley, mwanzilishi wa Toybox, alijiwekea lengo la namna hiyo: mfumo wenye kerneli (kiini cha mfumo), maktaba ya C, kompaila na Toybox, usio na kingine, uweze kujijenga upya kutoka msimbo chanzo wake. Lengo likishakaa hivyo, foleni inajipanga. Skripti za kusanidi programu huita sed, expr, tr na sort kila mara, kwa hiyo hizo zinatangulia.

Na hamna haja ya kukisia. Andikeni programu ndogo inayorekodi jina la amri na machaguo yake yote, kisha inaita amri halisi. Iwekeni kwa kila jina kwenye saraka moja, saraka hiyo itangulie kwenye PATH (orodha ya saraka ambamo sheli hutafuta amri), halafu fanyeni kazi yenu tangu mwanzo hadi mwisho. Lile daftari lipitisheni kwenye sort, kisha uniq -c, kisha sort -rn. Mtaona amri zipi zimeitwa mara elfu na zipi hazikuguswa. Kwangu mimi faida kubwa zaidi ni kuona machaguo: mara nyingi amri yenye machaguo 30 kwenye mwongozo wake imetumiwa manne tu. Andikeni hayo manne, vizuri.

POSIX, kiwango rasmi cha mifumo ya aina ya Unix, itumieni kama mpaka wa tabia: amri mliyoiandika ifanye kama kiwango kinavyosema. Kama orodha ya kazi itawapoteza. Toleo la 2008 lina amri za SCCS, mfumo wa kutunza matoleo wa miaka ya 1970, lakini halina mount, halina init, wala tar. Toleo la 2024 ni habari nyingine, someni mabadiliko yake: limeingiza readlink, realpath, timeout, find -print0, xargs -0 na pipefail ya sheli. Skripti nyingi zilikwisha kuvitegemea, na sasa hakuna sababu ya kuvikataa.

Zilizoandikwa nusu zitengeeni saraka yake. Toybox wana saraka iitwayo pending. Amri zilizomo hazijengwi mpaka mtu aziwashe kwa mkono wake. Mchangiaji anaona kazi yake imepokewa, na mtumiaji habambikiwi kitu kibichi.

Mchangiaji ameleta kiraka (badiliko la msimbo) kizuri kinachoongeza chaguo lililopo kwenye toleo la GNU, mradi wenye amri za mifumo mingi ya Linux. Je, tukipokee?

Ulizeni mambo mawili: nani analitumia, na lina uzito gani.

La uzito lina kifaa chake. Kwenye BusyBox unaandika make baseline kabla ya kiraka na make bloatcheck baada yake, na unaonyeshwa kila fankisheni imeongezeka au kupungua baiti ngapi. Ndiyo maana mabadiliko mengi ya mradi huo huambatana na kijedwali cha baiti. Igeni desturi hiyo kuanzia kiraka cha kwanza. Bila namba, mjadala wa ukubwa unakuwa ugomvi wa ladha, na kwenye ugomvi wa ladha mchangiaji mpya ndiye huondoka.

La matumizi lina ushahidi mmoja tu ninaoukubali: skripti iliyopo, inayotumiwa, ambayo inashindwa bila chaguo hilo. "GNU wanalo" haitoshi. Anayetaka kila kilichomo ndani ya GNU coreutils, kifurushi chao cha amri za msingi, anaweza kusakinisha GNU coreutils, nazo ni programu nzuri sana.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huikimbilia: kukubali kiraka lakini kukifungia kwenye swichi ya usanidi, ili asiyekitaka akizime. BusyBox ina mamia ya swichi hizo, katika mfumo uleule wa kusanidi kerneli ya Linux, na zimeisaidia kuenea kwenye mashine nyingi ndogo. Lakini swichi 10 zinazowaka na kuzimika ni miundo 1,024 ya programu yako. Swichi 20 ni zaidi ya milioni. Hakuna atakayeijaribu yote. Hata BusyBox hutumia skripti ya kujenga miundo ya kubahatisha ili kunasa ile inayovunjika. Niliwahi kutunza kisanduku kidogo ambacho kila swichi yake niliikubali kwa nia njema, na nikaja kugundua kwamba muundo mmojawapo ulikuwa haujengeki kwa zaidi ya mwaka. Aliyeutegemea alikuwa ameshahamia kwingine bila kuniambia. Tangu hapo, swichi inayookoa chini ya kilobaiti moja siikubali: chaguo liingie kwa wote au lisiingie kabisa.

Majaribio tuyaandike kabla au baada?

Pamoja. Muhimu zaidi, yaandikeni ili yaweze kuendeshwa dhidi ya amri za mfumo mnaofanyia kazi pia, si zenu tu. Toybox wanafanya hivyo kwa kuweka TEST_HOST=1. Jaribio likishindwa kwenye sed yenu na kwenye sed ya mashine, huenda kosa liko kwenye jaribio.

Kiongozi wetu anataka tuandike upya kila kitu kwa Rust kwa ajili ya usalama. Ana haki?

Hoja yake ina uzito. Novemba 2021 watafiti walitangaza dosari 14 za usalama ndani ya BusyBox, zilizokuwa zimeshazibwa kwenye toleo la 1.34.0. Nyingi zilikuwa kwenye awk, amri ya kuchakata maandishi, na zilihusu kumbukumbu iliyotumiwa baada ya kuachiliwa, kosa ambalo lugha ya Rust imeundwa kulizuia. Mradi wa uutils umeonyesha pia kwamba coreutils zinaandikika kwa Rust, na hata kujengwa kama faili moja yenye majina mengi.

Lakini pimeni kwa kikomo chenu. Programu ya Rust kwa kawaida hubeba ndani yake sehemu ya maktaba ya lugha hiyo, na kwenye kifaa chenye megabaiti 4 za hifadhi tofauti hiyo inauma. Zipo pia chipu za zamani ambazo kompaila ya C inazifikia na ya Rust haizifikii. Kama mashine zenu ni seva na kontena, jaribuni. Kama ni ruta ndogo, ningeanza na la bei nafuu: zimeni awk pale isipohitajika, na inapohitajika ishambulieni kwa ingizo la kubahatisha usiku kucha, kila wiki. Hata kwenye tangazo lile la 2021, hatari kubwa ilikuwa pale awk inapopewa maelekezo yake (pattern) na mtu usiyemwamini.

Kuandika upya kila kitu kwa mkupuo mmoja, kwa lugha yoyote, sikubaliani nako. Mtakaa miaka miwili bila toleo huku hitilafu zilizokwisha kuzibwa zikizaliwa upya.

GPL au leseni huria zaidi?

GPL humtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake; leseni huria zaidi hazimtaki. Amueni kabla ya mchango wa kwanza kutoka nje, kwa sababu baadaye kila mchangiaji ana haki kwenye mistari yake. BusyBox iko chini ya GPL toleo la 2 tu, na mwaka 2006 ulitokea mvutano mkali juu ya kuruhusu au kutoruhusu toleo la 3. Kesi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza Marekani ya kuvunja GPL, mwaka 2007, ilihusu BusyBox na ilimalizika kwa maafikiano. Landley, aliyekuwa upande wa walalamikaji, alikuja kusema hadharani kwamba kesi za namna hiyo hazikuuletea mradi msimbo wa maana. Toybox yake leo iko chini ya 0BSD, isiyodai hata kutajwa jina. Mimi napendelea GPL kwa kitu kinachokaa ndani ya vifaa vya watu, kwa sababu mwenye kifaa anabaki na haki ya kuomba msimbo. Mkichagua 0BSD, msichukue hata mstari mmoja kutoka BusyBox.

Kuna kazi yenye tarehe ya mwisho isiyosogezeka?

Ipo moja. Tarehe 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 usiku kwa saa ya UTC, hesabu ya sekunde tangu 1970 itajaa kwenye namba yenye alama ya biti 32. Kerneli ya Linux ilijiandaa kwa mashine za biti 32 kufikia toleo la 5.6, na maktaba ya C iitwayo musl ilihamia biti 64 kwenye toleo la 1.2.0, vyote mwaka 2020. Kilichobaki ni chenu: kila mahali mlipoweka muda kwenye int au long, na kila umbo la faili lenye nafasi finyu. Umbo la cpio linalotumika kwa initramfs, kifurushi cha faili ambacho kerneli huanzia nacho, lina tarakimu 8 za heksadesimali kwa muda. Mkizisoma kama namba isiyo na alama zitafika 2106. Mkizisoma na alama zitaishia 2038. Ruta inayosakinishwa leo inaweza kuwa bado inafanya kazi siku hiyo, kwa hiyo iwekeni kwenye mpango wa mwaka huu.

Ninatunza mradi peke yangu na nimechoka. Ametokea mtu wa kusaidia. Nimpe funguo?

Swali hili nimelisoma mara kadhaa. Pole, na asante kwa kazi.

Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kunachelewa nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupanda alikuwa amesaidia mradi kwa zaidi ya miaka miwili, huku mtunzaji, aliyeshasema hadharani kwamba nguvu zake ni chache, akisukumwa kwa barua amwachie nafasi. Wanaokusukuma hivyo wapuuze.

Msaada upokee, ila kwa hatua. Mpe amri moja aitunze, kisha saraka moja. Viraka vyake vipitiwe na mtu wa tatu, hata wa mradi mwingine. Toleo lijengwe moja kwa moja kutoka hazina ya msimbo, ili yeyote aweze kulijenga na kulilinganisha. Sehemu ya hila ya xz ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo tu, na nyingine ilifichwa kwenye faili za majaribio. Kwa hiyo faili za majaribio zizalishwe na skripti zinazosomeka.

Na punguza kazi yenyewe. Mwaka 2015 BusyBox iliondoa msimbo wa kushirikiana na systemd, mfumo unaosimamia huduma kwenye Linux nyingi, nayo inaendelea. Tangaza amri tano unazoacha kuzitunza. Asipojitokeza wa kuzichukua ndani ya matoleo mawili, ziondoe. BusyBox yenyewe imepita kwa watunzaji kadhaa, akiwamo Erik Andersen na Landley, hadi kwa Denys Vlasenko mwishoni mwa 2006. Kukabidhi si kushindwa, na hulazimiki kukabidhi mwezi huu.

Toleo letu la kwanza tuliite 1.0?

Liiteni 0.1 na litoeni kwa tarehe mliyoahidi, likiwa na vilivyokamilika siku hiyo. BusyBox ilifika 1.00 Oktoba 2004, karibu miaka tisa baada ya ile flopi, na wakati huo ilikuwa imeshaingia kwenye vifaa vya watu wengi.