Orodha ya matamanio baada ya miaka 60: tunajibu maswali yenu

Msomaji mmoja alituuliza kama mtu aliyekwisha kustaafu ana haja ya kuandika orodha ya mambo anayotaka kuyafanya kabla hajaondoka duniani. Barua zilizofuata ziliuliza mambo ya karibu zaidi: magoti, chanjo, pesa, watoto wanaocheka. Tumechagua tano.

Nimefikisha mambo 31. Niichane?

*Nina miaka 62. Binti yangu aliniletea daftari akaniambia niandike kila ninachotamani. Nimefika 31, na kila nikilifungua daftari najiona kama mtu mwenye madeni. Mzee wa rika langu anahitaji kitu hiki kweli? – Mwalimu mstaafu, Tabora*

Shikamoo, Mwalimu. Usiichane, ipunguze. Orodha ni nzuri kwa umri wako kwa sababu moja kubwa: inakulazimisha kuamua kipi kitangulie. Wengi hupanga kwa hamu au kwa bei, kile kitamu zaidi kikawekwa mwisho kingojewe. Mwili haufuati mpangilio huo. Mara nyingi magoti na pumzi huchoka mapema. Mambo ya kukaa kitini yanaweza kungoja.

Chora safu tatu mbele ya kila jambo. Ya kwanza: linategemea kiungo gani? Ya pili: ni nani lazima awe hai na mzima ili lifanyike? Ya tatu: gharama yake yote, kwenda na kurudi, malazi, dawa na zawadi, maana mtu mzima haendi ugenini mikono mitupu.

Kisha futa. Kwa kila jambo jiulize: kama ningekatazwa kupiga picha, na nisimsimulie mtu, ningekwenda? Mengi yataanguka hapo. Yanayobaki yasizidi saba. Mengine yahamishie ukurasa wa mwisho wa daftari bila tarehe, yasikudai.

Sasa panga. Linalotegemea mtu mzee au mgonjwa hutangulia yote. Tuseme dada yako mkubwa yuko Kigoma: treni ya kwenda kwake kutoka hapo Tabora inakuja kabla ya mbuga yoyote, hata ile uliyoiota tangu ujana. Baada ya hapo ndipo mambo ya miguu. Ngorongoro, kwa mfano, watu huiona wakiwa garini. Inaweza kusubiri miaka kadhaa, ingawa mgongo wako utalalamika kwa matuta ya njiani. Kilwa Kisiwani haisubiri vivyo hivyo. Pale unapanda na kushuka chombo, maji yakitoka unavua viatu, kisha unatembea juani kutoka Msikiti Mkuu hadi magofu ya Husuni Kubwa. Kama yote mawili yamo daftarini, Kilwa kwanza.

Kujua miguu ilivyo, tumia kiti kisicho na mikono, chenye kikalio kilicho sentimita 43 hivi kutoka sakafuni, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, simama wima, keti, simama tena, kwa sekunde 30, mtu akikuhesabia. Kwa miaka 60 hadi 64, mwanamume asiyefikisha 14 na mwanamke asiyefikisha 12 ana miguu dhaifu kuliko kawaida ya rika lake. Kwa miaka 65 hadi 69 ni 12 na 11. 70 hadi 74 ni 12 na 10. Ukiwa chini usikate tamaa, misuli ya mapaja hujengeka hata uzeeni. Fanya zoezi hilohilo mara 8, pumzika, urudie mpaka mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha ujipime upya baada ya wiki 6. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha na umwone daktari kabla ya kuendelea.

Watoto wanacheka nikitaja Kilimanjaro

*Nina miaka 67, presha yangu inadhibitiwa kwa dawa, nalima shamba langu mwenyewe. Nataka kupanda Kilimanjaro. Watoto wanasema nimerukwa na akili. – Mama, Nyeri*

Mama, Mmarekani Anne Lorimor alifika kileleni mwaka 2019 akiwa na miaka 89. Habari hiyo inatia moyo na inapotosha pia, kwa sababu inamfanya mtu adhani swali ni kileleni au nyumbani. Mlima una vituo, na kituo cha kwanza ni safari kamili.

Chagua njia ya Marangu, ambayo wageni hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Kuinuka chini usiku ndani ya hema ni adhabu kwa magoti. Lango liko kama mita 1,860 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara kiko kama mita 2,700, mwendo wa kilomita 8 hivi ndani ya msitu, saa tatu hadi nne kwa hatua za pole. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukibaki na nguvu, kreta ya Maundi iko karibu, na kutoka ukingoni mwake siku ya anga safi unaona mbali pande zote. Kwa watu wengi wa umri wako hapa ndipo pa kuanzia, na si aibu pawe ndipo pa kuishia.

Horombo, kituo cha vibanda kinachofuata, mita 3,700 hivi, ni habari nyingine. Kuanzia kama mita 2,500 ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata yeyote, na mazoezi hayamkingi mtu; vijana wenye misuli huupata sana kwa sababu hukimbia. Nyeri iko juu kiasi lakini haitoshi kuuzoesha mwili. Ukienda Horombo, lala huko usiku wa pili kabla ya kufikiria kwenda juu zaidi. Kichwa kikiuma, usipande tena mpaka kitulie. Ukianza kutapika mfululizo, kuyumba kama mlevi, au kuhema hali umekaa, unateremka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kiongozi akikwambia "jikaze, tumekaribia", huyo ndiye wa kukataliwa.

Mwulize daktari mambo mawili kwa jina. Kwanza, dawa zako za presha ni za aina gani: zile za jamii ya atenolol huzuia moyo kwenda mbio, hivyo utachoka mapema kuliko wenzako na utahitaji mwendo wa polepole zaidi; zile za kukojoza hukausha mwili mlimani. Usiziache kwa uamuzi wako. Pili, kama asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inakufaa. Nayo hukojoza, na aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa lazima aseme mapema.

Mazoezi yaanze miezi sita kabla. Shamba limekupa pumzi, lakini halikufundishi kuteremka, na ni kuteremka kunakoumiza magoti. Tafuta mteremko, tembea mara tatu kwa wiki, anza na dakika 30 na uongeze kama sehemu moja ya kumi kila wiki mpaka ufikie saa nne siku moja ya wiki ukiwa na mzigo wa kilo 4 mgongoni. Tumia fimbo mbili, uzirefushe kidogo wakati wa kushuka. Kata kucha za miguu wiki ya safari, la sivyo zitagonga mbele ya kiatu na kuwa nyeusi.

Umra na magoti mabovu

*Nimejiwekea akiba ya Umra. Nina miaka 70, kisukari, na goti la kulia linavimba. Ningoje lipone? – Mzee, Mombasa*

Mzee wetu, goti la miaka 70 linalovimba kwa kawaida halirudi kuwa la kijana. Litibiwe, lakini usiifunge safari kwalo. Hesabu ni hii: kati ya Safa na Marwa ni takriban mita 450, na kwa safari saba inafika kama kilomita 3.15, bila kuhesabu tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, na njia ya kutoka hotelini. Ukitufu orofa za juu, kila mzunguko unakuwa mrefu mara kadhaa kuliko chini karibu na Kaaba. Viti vya magurudumu vinapatikana hapo, na kuvitumia kwa udhuru hakuna lawama. Wengi huvikataa siku ya kwanza kwa haya, siku ya pili hawainuki kitandani.

Nenda kati ya Desemba na Februari. Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Kama unangoja Hija yenyewe, kumbuka inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo inasogea kuelekea miezi ya baridi. Kama mwili hauwezi kabisa, habari ya kumtuma mtu kwa niaba yako mwulize shehe wako.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Kuhusu homa ya manjano, ambayo msafiri kutoka Kenya huulizwa, kuwa mwangalifu: anayeichomwa kwa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka 60 ana hatari kubwa zaidi ya madhara makali, japo ni nadra. Kabla ya kuchomwa, tafuta kadi yako ya zamani. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kama kadi imeandikwa miaka 10.

Insulini ibebe mkononi. Kwenye mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika. Dawa zote zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na uchukue za wiki moja zaidi. Kama unatumia tramadol, dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya goti, mwambie daktari akubadilishie: Saudia inaidhibiti kama dawa za kulevya. Na mapaja yakisuguana ndani ya ihramu, zile shuka mbili za ibada, yanachubuka. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato hata kidogo. Kila usiku angalia nyayo kwa kioo. Mwenye kisukari anaweza kuungua kwenye lami asisikie.

Nitoe kiasi gani kwenye kiinua mgongo?

*Nimepokea mafao yangu ya mkupuo. Mke wangu anataka tusafiri, mimi naogopa kufilisika. – Mstaafu, Dodoma*

Tusingegusa mkupuo wenyewe. Kwanza tenga matumizi ya miezi 6 katika akaunti ambayo ndugu hawaijui. Kiasi kingine kiweke mahali pa kuzaa, na orodha itumie matunda yake tu. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa muda maalumu, hulipa riba kila baada ya miezi 6. Tuseme riba ni asilimia 12 kwa mwaka: shilingi milioni 10 zitaleta 600,000 kila nusu mwaka, na hiyo ndiyo bajeti yenu ya safari. Isipotosha, jambo linasogezwa mpaka malipo yanayofuata. Angalizo: ukihitaji mtaji kabla ya muda wa hati kuisha, unauza sokoni na unaweza kupata pungufu. Kwa hiyo usifunge kila senti.

Anzeni na lililo karibu. Kutoka Dodoma treni ya SGR inawafikisha Dar es Salaam bila usiku wa basi, na boti ya Zanzibar iko pale. Safari fupi inawaonyesha mapema kama mnaweza kusafiri pamoja siku tatu bila kununiana, jambo ambalo ndoa nyingi hazijawahi kulipima.

Baba hataki orodha yoyote

*Nafanya kazi Muscat. Baba yangu yuko Pemba, ana miaka 74. Nataka kumtembeza popote apendapo, anasema anataka kukaa barazani kwake. Nimshawishije? – Mtoto wake*

Usimshawishi. Orodha hii ni yako ndugu yetu, na hakuna ubaya, ila usimbebeshe yeye. Mwulize mara moja tu: kuna mtu unayetaka kumwona, au kaburi unalotaka kulizuru? Akisema hapana, basi.

Weka kwenye orodha yako mwenyewe kurekodi sauti yake. Simu inatosha. Chagua chumba chenye mazulia au mapazia, kwa kuwa ukuta mtupu unarudisha mwangwi, zima feni, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri mbili kutoka mdomoni, uiweke hali ya ndegeni isiite katikati. Usizidishe dakika 40. Usimwambie "nisimulie maisha yako", atajibu kwa sentensi tatu. Muulize nani aliishi nyumba ya jirani, karafuu zilianikwa wapi, nani alimfundisha kuogelea. Anza faili kwa kutaja tarehe na jina lake kamili hadi babu wa tatu, na siku hiyohiyo liweke nakala sehemu mbili, moja nje ya simu.