Maswali yenu kuhusu Gloria Estefan na Mi Tierra

Wiki iliyopita niliisifu hapa albamu ya Mi Tierra, aliyoitoa mwimbaji Gloria Estefan mwaka 1993 kwa Kihispania mwanzo hadi mwisho. Maswali yamekuja mengi, nayajibu machache.

Gloria si mwimbaji wa Kiingereza? Kihispania alijifunzia wapi? (Msomaji, Dodoma)

Nyumbani kwao. Alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1957, na familia yake ikahamia Miami angali mdogo, baada ya mapinduzi ya Fidel Castro. Santuri za mwanzo za bendi yake, Miami Sound Machine, zilikuwa na nyimbo za Kihispania. Kiingereza kilimpa jina duniani, hasa kibao cha Conga cha mwaka 1985.

Asiyejua Kihispania alikuwa Nat King Cole, mwimbaji wa Marekani, aliyetoa albamu ya Cole Español mwaka 1958 baada ya kukariri maneno kwa kusikiliza. Sauti yake ninaipenda mno, lakini matamshi yanaonyesha wazi kuwa ni mgeni.

Nyimbo za Mi Tierra ni za zamani alizozirudia? (Msomaji, Tanga)

La, zilitungwa upya, ila kwa mitindo ya Cuba ya kabla ya mapinduzi: son, danzón, bolero, guaguancó. Linda Ronstadt, mwimbaji wa Marekani aliyetangulia mwaka mmoja na albamu ya Frenesí, ndiye aliyechukua nyimbo za zamani. Wote wawili walipata tuzo ya Grammy ya muziki wa tropiki. Mimi namwona Estefan alijitwisha mzigo mzito zaidi, kwa sababu wimbo mpya wa mtindo wa kale hauna mazoea ya wasikilizaji ya kuubeba. Lazima usimame wenyewe.

Shikamoo mzee. Nilipoisikiliza nilidhani ni rumba ya Kongo. Nimekosea? (Kijana wa Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hujakosea hata kidogo. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa za Cuba. Wanamuziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizisikiliza wakaona zinawahusu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngoma za Cuba zilivuka bahari na watumwa, wengi wao wakitoka bonde la mto Kongo. Yale aliyokuwa akipiga Mcuba kwenye piano wao wakayahamishia kwenye gitaa, na rumba ya Kongo ikapata sura yake.

Nawe uko Morogoro, mji wa Salum Abdallah! Bendi yake iliitwa Cuban Marimba, na jina hilo halikuja kwa bahati. Uliza wazee wa hapo wakusimulie. Kisha jaribu hili: gonga meza mara tatu kwa kuachanisha, halafu mara mbili. Huo ndio mdundo wa clave, vile vijiti viwili vinavyogonganishwa. Ukiushika, rudia mbele ya son ya Cuba na mbele ya rumba za zamani za Kongo, utaona mkono wako mara nyingi unapata pa kukaa kote kuwili.

Nani waliompigia? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo penye siri ya albamu yote. Angeweza kuchukua bendi yake ya kawaida, akabadilisha maneno tu. Badala yake, yeye na mumewe Emilio waliwaita mafundi. Tito Puente, mpiga ngoma, yumo. Arturo Sandoval wa tarumbeta yumo, na Paquito D'Rivera wa saksafoni pia, wote wawili Wacuba waliohama nchi yao wakiwa tayari watu wazima wenye majina. Vinanda vya nyuzi vya Orchestra ya London Symphony vimetandazwa nyuma bila kuzifunika ngoma.

Na yumo Israel López, maarufu kama Cachao, mpiga besi aliyezaliwa Havana mwaka 1918. Yeye na kaka yake Orestes ndio waliouanzisha mtindo wa muziki uitwao “mambo” mwishoni mwa miaka ya 1930. Huko Miami mzee huyo aliishi miaka mingi akipiga kwenye hafla ndogo ndogo, dunia ikiwa imemsahau. Kumpa nafasi fundi wa namna ile, katika albamu iliyotazamiwa kuuzwa dunia nzima, ni heshima ninayotamani kuiona wasanii wetu wakiwapa wazee wa bendi zetu wangali hai.

Iliuzika? (Msomaji, Nairobi)

Sana. Jarida la Marekani la Billboard lilipoanzisha chati ya albamu za Kilatini mwaka 1993, Mi Tierra ndiyo iliyoongoza kwanza, ikakaa kileleni wiki 58. Hispania pekee ilipita nakala milioni moja.

Nianze na wimbo gani? (Msomaji, Zanzibar)

Con los Años que Me Quedan, bolero ya taratibu. Halafu ule uliobeba jina la albamu. Mwanzoni anaimba habari za nchi aliyoiacha, baadaye waitikiaji wanaingia na ngoma zinapamba moto. Hapo ongeza sauti.