Nyaya za mlingoti zinazolegea tena baada ya kukazwa: pa kuanzia kwenye boti ya zamani

Ndugu, umeeleza kwamba boti uliyoinunua Mtwapa ni ya faiba, ya futi 32, iliyoundwa miaka ya 1970, na kwamba mlingoti wake wa alumini umesimama juu ya sitaha. Kila unapopiga bisha (kwenda kinyume cha upepo kwa kukatakata) katika upepo wa kusi, waya wa ubavuni wa upande wa demani, yaani usiotokea upepo, hulegea hadi ukacheza. Unaukaza, unatulia kwa muda mfupi, kisha unarudi palepale. Fundi mmoja amekuambia ukaze zaidi, mwingine amekuambia hiyo ni kawaida. Kwa kuwa nimeshughulikia milingoti ya boti za umri huo kwa miaka mingi, Kilifi na hapo Mtwapa, ushauri wangu ni kwamba uiweke spana kando kwanza. Waya mpya hurefuka kidogo safari za mwanzo, kisha ukatulia. Waya wa zamani umekwisha kumaliza urefu wake kitambo, kwa hiyo ukilegea tena baada ya kukazwa, kuna kitu kinachosogea mahali fulani, ama juu ama chini yake, na kuukaza ni kukivuta kitu hicho kiendelee kusogea.

Aliyekuambia ni kawaida huenda ameyazoea majahazi. Katika jahazi, kamba za kuushikilia mlingoti hukazwa upande wa goshini, yaani unakotokea upepo, na kulegezwa upande wa demani kila chombo kinapogeuzwa, nao mlingoti wenyewe ni mti mnene unaoweza kubeba mzigo mkubwa peke yake. Mlingoti wako ni bomba jembamba lisiloweza kusimama bila nyaya. Waya wa demani ukicheza, mlingoti hutikisika kwa kila wimbi, na unapogeuza boti mzigo wote huuangukia waya huo kwa kishindo badala ya kuupokea polepole. Kulegea kidogo katika upepo mkali si neno. Kucheza ni jambo jingine.

Anzia chini ya mlingoti. Boti nyingi za wakati ule zina sitaha ya matabaka mawili ya faiba yenye mbao katikati, na maji yakipenya kupitia matundu ya skrubu za kitako cha mlingoti, mbao hizo huoza bila kuonekana. Weka ubao ulionyooka juu ya sitaha, uvuke upande mmoja wa kitako hadi wa pili, uone kama pana bonde. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mahali pazima hulia kwa sauti kali, palipooza pana sauti ya kufa. Shuka ndani, fungua na ufunge mlango wa choo. Ukikwama nyaya zikiwa zimekazwa na ukafunguka vizuri zikilegezwa, sitaha inashuka. Kisha tazama mguu wa nguzo inayoibeba sitaha chini ya mlingoti. Ikiwa ni ya mbao na mguu wake umekaa kwenye maji ya ngama (yanayotuama chini kabisa ndani ya boti), choma kwa ncha ya kisu. Kipimo cha uhakika ni kupima kutoka dari hadi mkukuni (uti wa chini wa boti) kabla na baada ya kukaza nyaya. Milimita chache za tofauti zinatosha kukueleza kwa nini kazi yako haidumu.

Kitako kikiwa salama, nenda kwenye mabamba ya stenlesi yanayozishika nyaya za ubavuni. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sehemu iliyo mbovu ndiyo usiyoiona. Stenlesi haishiki kutu kwa kuwa uso wake una utando mwembamba sana unaojijenga upya kwa hewa ya oksijeni. Pale bamba linapopenya sitaha, limezungukwa na gundi ya zamani iliyokwisha kupasuka, maji ya chumvi huingia na kutuama, oksijeni huisha, utando huo hufa, na chumvi hukila chuma kwa ndani huku sehemu za juu na chini ziking'aa. Joto la pwani yetu huharakisha jambo hilo. Lichomoe bamba moja, ingawa ni kazi ya kuchosha. Lioshe, lisugue kwa brashi ya plastiki, kisha liinamishe kwenye jua uone ile sentimita moja au mbili iliyokuwa ndani ya sitaha. Bamba baya lina vidoa vya rangi ya kahawia vilivyojipanga kwa mstari, na ukipitisha ukucha unakwama. Pengine mstari huo ni ufa tayari. Tazama pia bolti zake, kwa maana nyingine hutoka zikiwa nyembamba kiunoni kuliko kichwani. Mbao za kiambaza (ukuta wa ndani ya boti) zilizoshikwa na bolti hizo zikiwa nyeusi na laini, matundu hurefuka kwenda juu kila unapokaza, na hilo ndilo jibu ninalolikuta mara nyingi kwa swali kama lako.

Baada ya hapo zikague ncha za nyaya, hasa za chini. Mrija uliobanwa kwa mashine juu ya waya hukaa mdomo wazi juu, kwa hiyo ule wa chini hupokea maji yote yanayoteremka kwenye waya, wakati ule wa juu hujimwaga wenyewe. Ufuate mrija kwa urefu wake ukitumia kioo cha kukuzia. Ufa hukimbia kwa urefu, mwembamba kama unywele, na mara nyingi una mchirizi wa kahawia unaourudia hata baada ya kuufuta. Ukiwa na shaka, tumia ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa ambayo wachomeleaji huitumia. Pitisha pamba kuuzunguka waya pale unapoingia kwenye mrija. Ikinasa nyuzi, uzi wa waya umekatika, nao waya wenye uzi mmoja uliokatika haufai tena, hata ukionekana mzima mahali pengine pote. Kiungo kinachopinda pande mbili lazima kiwepo chini ya kila waya, na kwa waya wa mbele wenye tanga la kuviringishwa kiwepo chini na juu, la sivyo waya hupindishwa mahali pamoja hadi ukatike.

Wafungaji wengi huweka umri wa nyaya za stenlesi kati ya miaka 10 na 15. Kama aliyekuuzia hakuweza kukuonyesha hati ya lini zilibadilishwa, mimi ningezihesabu kuwa zimekwisha muda wake. Ukiwa mbali na mashine ya kubana, zipo ncha za kufungwa kwa mkono, kama za Sta-Lok, ambazo fundi mwangalifu anaweza kuzifunga gatini kwa spana mbili. Waya wa mabati wa kuinulia mizigo unaouzwa madukani Mombasa usiuweke: umesukwa kwa namna inayorefuka sana, na hutaweza kuukaza ukakaa.

Sasa kukaza kwenyewe, boti ikiwa majini, imetulia, bila upepo. Legeza nyaya fupi zote za ubavuni, zile zinazoishia katikati ya mlingoti. Pandisha ncha ya futi ya chuma kwa jarari (kamba ya kupandishia) ya tanga kubwa, uishushe futi upande wa kulia na wa kushoto hadi sehemu mbili ulizozipima kutoka omoni (mbele ya boti), wala usiamini mabamba, maana kwenye boti za zamani hayalingani pande zote. Ukiisha kuuweka mlingoti katikati, kaza nyaya ndefu, zinazofika juu, kwa skrubu za kukazia zilizo chini yake, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, ukiushika waya kwa spana ya pili usijisokote. Skrubu ya stenlesi kwenye nati ya stenlesi hujikamata ikikazwa ikiwa kavu, na ikijikamata ni kukata, kwa hiyo itie grisi kwanza.

Kiasi cha kukaza hupatikana bila kifaa cha bei ghali. Waya ukiwa umenyooka tu bila mkazo, chukua fito ya mita 2, ifunge ncha yake ya juu kwenye waya, na ncha ya chini iguse juu ya mrija. Ukikaza, pengo litafunguka hapo chini: kwa waya wa stenlesi wa nyuzi 19, kila milimita 1 ni asilimia 5 ya nguvu ya kuukata, bila kujali unene wake. Nyaya ndefu zako zifikie milimita 3, yaani asilimia 15, na zisizidi 4. Nyaya fupi kaza kwa kutazama tu: weka jicho kwenye mfereji wa tanga ulio nyuma ya mlingoti, tazama juu, na uzikaze mpaka mlingoti unyooke. Waya wa nyuma ndio unaoukaza wa mbele, nao ndio unaoulaza mlingoti nyuma. Kwa mlingoti wa mita 12, digrii moja ya ulalo ni pale kamba yenye uzito inayoning'inia kutoka kileleni inapokuwa kama sentimita 21 mbali na mlingoti huku chini. Usukani ukikuvuta sana kwenda goshini, punguza ulalo huo.

Kisha toka nje ya mlango wa mkondo katika upepo wa mafundo (maili za baharini kwa saa) 12 hadi 15, boti ilale digrii 15 hadi 20. Kilele kikiangukia demani, nyaya ndefu zimelegea. Tumbo la mlingoti likielekea demani, ni zile fupi. Punguza ulegevu kwenye waya wa demani, usio na mzigo, geuza boti, na uzungushe idadi ileile upande wa pili. Ukirudi gatini, tia pini, zifunge kwa utepe, na uweke alama ya rangi kwenye kila skrubu na kwenye kila bamba pale linapotoka sitahani. Waya ukilegea tena huku alama za skrubu zikiwa mahali pake, tazama ile ya bamba, na kama nayo haikusogea, rudi kupima dari na mkuku.