Ripoti ya uthamini ikichelewa kwenye shauri la talaka

Wakili mpya, mashauri ya kugawana mali za wanandoa yatakufikia mapema, na mengi hukwama hapa: nyumba haibishaniwi, ila ripoti ya mthamini, yaani mtaalamu anayekadiria thamani ya mali, inaletwa mashahidi wameshaanza kusikilizwa.

Kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, Amri ya XIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inataka nyaraka ziletwe siku ya kwanza ya usikilizwaji. Baada ya hapo hazipokelewi bila sababu ya kuridhisha, na hakimu anayezipokea anapaswa kuiandika sababu hiyo. Basi usisimame na kusema tu kwamba mthamini alichelewa kupatikana. Leta kiapo: lini mthamini aliandikiwa, lini alifika kwenye kiwanja, nani alimzuia. Mara nyingi sababu ipo na ina nguvu, kwa mfano mwenza anayekaa kwenye nyumba amekataa kufungua geti. Ukiona dalili hiyo, omba amri ya ukaguzi mapema.

Lakini kabla ya kupigania ripoti, jiulize kama shauri linaihitaji sasa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinatazama mchango wa kila mmoja, na tangu hukumu ya shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mahakama inaweza kugawa kwa asilimia, uthamini ukafanyika wakati wa kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Thamani kwa namba inahitajika hasa pale mmoja anapotaka kubaki na nyumba na kumlipa mwenzake, au mali zinapokuwa nyingi na kila mtu anachukua yake. Nimeona mawakili wakimaliza miezi wakibishana juu ya ripoti, huku ushahidi wa nani alinunua kiwanja na nani alisimamia ujenzi ukiachwa mwembamba. Inasikitisha, maana anayeumia ni mteja, na mara nyingi ni mama asiye na risiti hata moja.

Ukiwa upande wa pili, pingamizi lisiwe silaha yako pekee. Omba muda wa kuisoma ripoti, nafasi ya kuleta mthamini wako, gharama za ahirisho, na mthamini aitwe aulizwe maswali. Isome kwa makini. Tarehe ya ukaguzi ni ipi, si ya kusaini tu? Aliingia ndani au alitazama kwa nje? Iliandaliwa kwa ajili ya mkopo wa benki? Za benki huwa na thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo ni ndogo zaidi, na mtu hunukuu inayomfaa. Hakikisha pia aliyesaini amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Hata hivyo, maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama.

Ripoti ikipokelewa, angalia mpangilio: ipokelewe kwanza, ndipo isomwe kwa sauti. Kusoma yaliyomo kabla ya kupokelewa, au kutoyasoma kabisa baadaye, ni hoja ya rufaa iliyokwisha kuangusha vielelezo vingi, yaani nyaraka zilizopokelewa kama ushahidi. Kabla ya kuondoka, hakikisha kielelezo kimeandikwa namba ya shauri, jina la aliyekitoa na tarehe, na kimesainiwa na hakimu.