Wadogo zangu wa MRI, mafuta ya kwenye msuli hayapimwi kwa kukurupuka

Juzi nimepita nyuma ya dogo mmoja yuko kwenye kompyuta anachora ROI, yaani eneo la kupimia, ya vastus lateralis, msuli wa upande wa nje wa paja, mstari umepanda mpaka kwenye mafuta ya chini ya ngozi kama bodaboda iliyopanda ukingo, halafu anajaza kwenye Excel mafuta asilimia 38. Namuuliza huyu ni nani, ananiambia volontia, yule kijana wa fiziotherapia anayekimbia kila asubuhi. Sasa mdogo wangu, mtu anakimbia kila siku halafu paja lake liwe na mafuta kama nundu ya ng'ombe? Akacheka, na mimi nikacheka, ila nilipofika nyumbani sikucheka tena, maana kila kosa nililomkemea siku ile mimi nilishalifanya, na lipo moja nililofanya ambalo yeye bado hajalifikia. Basi kaeni hapo niwaambie.

1. Fungua picha kwanza, Excel baadaye. Najua skripti inakutemea namba ndani ya dakika mbili na supavaiza anataka namba. Lakini Dixon, njia yetu ya kutenganisha maji na mafuta kwenye picha, tangu Dixon mwenyewe aichapishe mwaka 1984, kazi yake yote inasimamia kitu kidogo sana: protoni za maji na za mafuta zinapishana masafa kama 3.5 ppm (sehemu kwa milioni) basi. Uga wa sumaku ukichafuka kidogo pembeni, programu inapotea, inatia mafuta kwenye kapu la maji na maji kwenye kapu la mafuta, na inaweza kuwa mguu mmoja tu, mwingine uko safi. Ukikokotoa wastani wa miguu yote miwili huoni kitu. Weka ROI ndogo kwenye mafuta ya chini ya ngozi kila upande: ikisoma tisini na kitu endelea, ikisoma 7 acha ulichokuwa unafanya.

2. ROI ikae ndani ya msuli, pikseli moja au mbili kutoka kwenye utando. Yale mafuta yaliyokaa kati ya msuli na msuli ni majirani, usiyahesabu kama watu wa nyumba. Na kama unachora mtoto wa Duchenne, ule ugonjwa unaokula misuli na kuacha mafuta, anza na gracilis na sartorius, misuli miwili ya paja, hizo huwa zinabaki muda mrefu kama visiwa wakati wenzao wameshazama kwenye mafuta, ukizipata hizo zingine utazijua kwa ujirani.

3. Goti. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Mwaka wangu wa pili nilipewa mradi wa kufuatilia watoto wenye Duchenne, skani ya kwanza halafu nyingine baada ya mwaka. Protokali niliandika mwenyewe kwa mkono wangu na nilikuwa najisikia sana. Kwenye sehemu ya slaisi, yaani kipande cha picha kinachokata paja, niliandika: sm 15 juu ya goti. Nikaona nimemaliza.

Skani ya kwanza nilisimamia mimi, na kwangu goti lilikuwa ule mstari wa kiungo, pale mfupa wa paja unapokutana na tibia. Mwaka uliofuata nilikuwa na homa, mwenzangu akapiga, na kwake goti lilikuwa juu ya pia ya goti. Mtu mwema kabisa, mzoefu kuliko mimi, amefuata nilichoandika. Tofauti yake ni kama sm 4 na kidogo, slaisi imehamia juu kuelekea katikati ya paja. Na mafuta kwenye msuli wa hawa watoto hayakusambaa sawasawa kama siagi kwenye mkate, mara nyingi kwenye ncha za msuli yako mengi na katikati machache.

Mtoto mmoja mwaka wa kwanza alisoma 41. Mwaka wa pili 33. Jamani. Nilikimbia nayo korido nzima. Kila mtu anayejua ule ugonjwa anajua mafuta hayarudi nyuma namna ile, na mimi nilijua, lakini nilitaka iwe kweli, basi nikaanza kujitengenezea sababu, labda dawa, labda mazoezi, labda sisi tumegundua kitu.

Siku ya kliniki mama yake akanikuta nje ya chumba cha mashine. "Dokta, majibu vipi?" Mimi sio dokta, ni radiografa, na majibu sio ya kwangu kutoa, na yote mawili sikuyasema. Nikasema mafuta yamepungua mama. Akasema alhamdulillah, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mtoto amekaa kwenye benchi anakula biskuti anatuangalia.

Wiki tatu baadaye nampelekea mwalimu wangu grafu. Hakuiangalia. Akaniambia fungua picha mbili, weka moja kando ya nyingine. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kichwa kifupi cha biceps femoris kiko wapi?" Hicho ni kipande cha msuli wa nyuma ya paja. Kwenye picha ya kwanza kipo, kimejibana pembeni ya mfupa. Kwenye ya pili hakipo. Hakijapotea, ni kwamba slaisi imeshakipita. Akauliza swali moja tu lingine: "Goti lako linaanzia wapi?"

Bahati stoki ya slaisi ilikuwa ndefu, nikaweza kushuka mpaka slaisi inayolingana na ile ya zamani. 46. Yaani hayakupungua hata kidogo, yalikuwa yamepanda.

Kumpigia yule mama nilichukua siku nzima, nashika simu naiweka. Alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu kwamba babu yake mtoto alikuwa anatafuta kiti cha magurudumu na yeye akamwambia aache kwanza, kwa sababu mtoto anapona. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Basi sasa protokali yangu haina neno goti. Ina mstari wa kiungo, ina picha ya lokalaiza, ile ya mwanzo ya kupangia slaisi, yenye mshale, na kwa watoto haina sentimita kabisa, ina asilimia ya urefu wa mfupa wa paja, maana mtoto anakua, sm 15 za mwaka huu sio pale pale pa mwaka ujao. Na kabla ya kulinganisha namba mbili nalinganisha maumbo ya misuli kwa macho. Na majibu anatoa daktari.

4. Haya ya haraka haraka. Flip engo (pembe ya kuinamisha protoni) iwe ndogo, kama digrii 3 hivi ukiwa na TR (muda kati ya pigo na pigo) fupi, la sivyo T1 (muda wa kurudi kwenye hali yake baada ya pigo) fupi ya mafuta itayapendelea. Eko (mwangwi wa ishara) sita ni bora kuliko mbili, utarekebisha na T2* (kufifia kwa ishara) humo humo. Na usikopi TE (muda wa kusubiri eko) za mashine ya 1.5T (T ni tesla, nguvu ya sumaku) ukazipeleka kwenye 3T! Kuna mtu, simtaji, yuko hapa hapa anasoma, alihamisha milisekunde 2.3 na 4.6 kama zilivyo, na kwenye 3T zote mbili ishara za maji na mafuta ziko pamoja, wakati moja ilitakiwa zipingane, akatoa moja kwa nyingine akapata mafuta karibu sifuri kwa baba mmoja ambaye kitanda chenyewe kililalamika alipopanda. Akaniuliza kama mashine ni mbovu.

5. Fantomu, yaani kitu cha kujaribia mashine, kila wiki. Chupa ya maji na chupa ya mafuta ya karanga, spektra yake (mpangilio wa masafa ya protoni zake) haiko mbali na ya mafuta yetu wenyewe, moja isome karibu na sifuri na nyingine karibu na mia. Chupa yangu ya kwanza ilipotea siku ya tatu, nikaja kuikuta jikoni kwa stafu imebaki robo, na chapati za siku ile nilishakula mbili na nilizisifia. Ya sasa imeandikwa kwa maka nyekundu FANTOMU, na chini yake USIPIKIE, iko kwenye kabati la koili (antena za mashine), ufunguo anao dada wa mapokezi.