Maswali ya Wasomaji: Bweha mwenye masikio makubwa

SWALI: Jioni nje ya Karatu niliona mnyama kama bweha mdogo, masikio makubwa ajabu, ameinamisha kichwa chini. Ni bweha gani? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Huyo ni bweha masikio, wa nususpishi (kundi dogo ndani ya spishi) ya Afrika Mashariki iitwayo virgatus, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1909. Anapatikana kuanzia Ethiopia na Sudan Kusini hadi Tanzania. Ndugu zake wa Botswana na Namibia wametenganishwa naye na eneo la kilomita 1,000 hivi.

Tazama uso: barakoa nyeusi machoni, miguu myeusi, ncha ya mkia nyeusi. Uzito kilo 3 hadi 5. Masikio hufika sentimita 13. Alipoinama alikuwa anasikiliza mchwa wanaokata nyasi, chakula chake kikuu, ndiyo maana hupenda nyasi fupi. Ana meno madogo 46 hadi 50, mbwa ana 42. Kuku wako hawamhusu, tafadhali msimuue!

Ukimwona mchana anayumba au haogopi watu, usimguse: kichaa cha mbwa humpata pia. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo au wanyamapori, na mbwa wako achanjwe kila mwaka.