Tafsiri ya shairi: mwalimu anaweza kuikataa?
Umeuliza kama mwalimu ana haki ya kukukatalia tafsiri yako ya shairi, yaani maana uliyoiona ndani yake. Anayo, kama hukuonyesha mshororo (mstari wa shairi) unaoibeba. Usikimbilie dhamira, anza na maneno yenyewe. Tuseme ubeti wa kwanza unataja "nyumba yetu", halafu wa mwisho "nyumba ile". Hapo pana jambo: nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, amejitenga na alipokuwa, na huhitaji kujua maisha ya mtunzi ili kulithibitisha. (Nafsineni si lazima awe mshairi, tafadhali, wengi hupoteza alama hapo bure.) Kutaja takriri (maneno yanayorudiwa) na tashbihi (ulinganisho wa "kama" au "mithili ya") tu hakutoshi, eleza zinafanya kazi gani pale zilipo. Na ukikuta mshororo unaopinga hoja yako, usiufiche. Ujadili hapo hapo kwenye jibu lako.